Mgongo wa Mama Kaze

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, mwaka 1992, baraza ya Rutayisire kule Rwezamenyo, Kigali, ilikuwa imejaa vitambaa mpaka mlangoni. Rutayisire alikuwa fundi cherehani. Idi ilikuwa karibu, na kila mteja alitaka nguo yake iwe ya kwanza.

"Rutayisire, kanzu yangu!"

"Inakuja."

"Hata juzi ulisema inakuja!"

"Na leo imekaribia zaidi!"

Watu walicheka. Kwenye cherehani ya pili alikaa mkewe, Mukandekezi. Majirani walimwita Mama Kaze, kwa jina la binti yake wa kwanza. Tumbo lake lilikuwa kubwa hata likagusa meza ya cherehani, lakini miguu yake haikuacha kukanyaga. Alikuwa anatia zipu kwenye gauni la bibi mmoja mwenye haraka.

Ghafla miguu ilisimama. Mukandekezi alishika kiuno, akavuta pumzi, akangoja. Kisha akakata uzi kwa meno na kumrushia mumewe lile gauni.

"Baba Kaze, malizia hili. Mimi naenda kuzaa."

Baraza nzima ilipiga kelele. Mama yake Rutayisire, Bi Mwamvua, alitoka ndani mbio na kanga begani. Mwenye gauni alilia, "Na zipu yangu je?" Lakini hakuna aliyemsikiliza tena.

Hospitalini mkunga alimpapasa Mukandekezi tumbo. Akampapasa tena.

"Mtoto amelala kikingamo," alisema. "Hawezi kutoka kwa njia ya kawaida. Tutakufanyia upasuaji."

Mukandekezi aliogopa. Akaja mtaalamu wa ganzi, mtu mpole, akaketi karibu naye.

"Mama, nitakuchoma sindano ya ganzi mgongoni," alisema. "Nitaacha mrija mwembamba kama uzi pale nilipochoma. Kwa mrija huo nitaongeza dawa, hata baada ya upasuaji, ili usiumie. Kuanzia tumboni kwenda chini hutasikia maumivu. Lakini utakuwa macho."

"Nitamwona mtoto wangu akitoka?"

"Utamsikia kabla ya sisi sote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mukandekezi alilala akiwa macho, kitambaa kimetandazwa mbele ya kifua chake. Hakusikia kisu. Alisikia watu wakivuta kitu kama wanaoburuta gunia zito. Halafu kikaja kilio kikali, cha hasira, cha mtu aliyesumbuliwa usingizini.

"Mvulana!"

Mukandekezi alicheka na kulia kwa pamoja. Mtoto akaitwa Ganza.

Idi iliwakuta hospitalini. Rutayisire alikuja na kanzu mpya, macho mekundu kwa kukesha akishona. Mrija ulikuwa umeshatolewa mgongoni, na mahali pake pakabaki plasta ndogo. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinapona vizuri. Siku ya kurudi nyumbani ilipofika, muuguzi aliwaambia waje kutolewa nyuzi. Kuhusu mgongo hakuna aliyesema neno.

Walipofika Rwezamenyo, wanawake wa mtaa walipiga impundu, vile vigelegele vya Kinyarwanda vinavyosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kaze alimtazama mdogo wake, akauliza kama anaweza kumrudisha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Bi Mwamvua hakupoteza muda. Babu yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani, na mila za uzazi alizipata kwa mama yake. Aliweka sufuria kubwa motoni.

"Mzazi lazima akandwe," alisema. "Mifupa imefunguka. Tuifunge."

Alimkanda Mukandekezi kiuno na mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, kila asubuhi. Siku za kwanza Mukandekezi alifurahi. Alisikia mwili unalegea. Lakini baadaye mgongo ulianza kuuma. Si mgongo wote. Palikuwa na mahali pamoja, katikati ya kiuno, palepale ilipopita sindano.

"Mama, hapo panauma," alisema.

"Panauma kwa sababu mifupa inarudi," alijibu Bi Mwamvua. Akaongeza moto.

Maumivu hayakupungua. Kila siku yalizidi ya jana. Kisha ikaja homa. Mukandekezi alitetemeka huku jua likiwaka nje.

"Ni maziwa yanajaa," alisema jirani mmoja.

"Ni malaria," alisema mwingine.

Rutayisire alimnunulia vidonge vya malaria dukani. Homa ilishuka kidogo, halafu ikarudi. Mukandekezi alinyamaza. Akika ya mtoto ilikuwa imekaribia. Mbuzi wameshanunuliwa, na ndugu wamealikwa kutoka Biryogo na Nyamirambo. Alijiambia, "Nikisema naumwa, nitawaharibia watu furaha. Nitakwenda hospitali shughuli ikiisha."

Siku ya akika nyumba ilijaa tangu asubuhi. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Théoneste, jirani mwenye pikapu, alileta viti vya kukodi na kuvipanga uani. Watoto walikimbia katikati ya miguu ya watu. Shehe alisoma dua, mtoto akanyolewa, akapiga kelele za kuwashtua mbuzi wa jirani.

Miongoni mwa wageni alikuwapo Béatha. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, na nyumba yake ilitazamana na ya Rutayisire. Béatha alizaliwa upande wa Butare, na Kiswahili alijifunzia hapohapo mtaani. Alikisema kwa namna yake, na watu walikipenda.

Mukandekezi alitoka ndani na sinia ya sambusa. Alitembea polepole, uso umelowa jasho. Alipovuka kizingiti, mguu wake wa kushoto ulikigonga. Akayumba kidogo, akaendelea. Alikuja mpaka kwa Béatha, akainama kumkaribisha.

Béatha hakuchukua sambusa. Alikuwa anatazama chini.

"Mama Kaze," alisema, "kandambili yako iko wapi?"

"Si hii hapa?" Mukandekezi alijibu, akatazama miguu yake.

Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Kandambili ya pili ilikuwa imebaki nyuma, kule kwenye kizingiti.

"Hukusikia ikitoka?"

"Hapana," alisema Mukandekezi kwa sauti ndogo.

Béatha aliinuka. Alipokea ile sinia, akamkabidhi mgeni wa kwanza aliyekuwa karibu. Akamshika Mukandekezi mkono na kumwingiza chumbani. Bi Mwamvua aliwafuata.

"Kuna nini? Wageni wanangoja!"

"Wageni watangoja, Mama," alisema Béatha. Akamgeukia Mukandekezi. "Iko homa?"

"Ipo. Inakuja na kwenda."

"Na mgongo?"

Mukandekezi aliangua kilio. Maneno yote aliyoyafungia moyoni yalitoka. Mgongo ulikuwa unamuuma hata kulala hawezi, palepale alipochomwa sindano ya ganzi na kuachiwa mrija. Maumivu yalikuwa yanashuka kwenye mguu kama moto. Tangu jana mguu wa kushoto ulikuwa mzito, kama si wake.

"Leo umekojoa?"

Mukandekezi alifikiri. "Tangu asubuhi nakwenda chooni. Nakaa. Haitoki."

Uso wa Béatha ulibadilika. Alimpandisha blauzi nyuma, akatazama. Palepale sindano ilipopita, ngozi ilikuwa nyekundu na imevimba. Alipagusa kwa ncha ya kidole tu. Mukandekezi alipiga ukelele.

"Ni baridi imeingia," alisema Bi Mwamvua. "Ngoja nilete maji ya moto nipakande—"

"Hapana, Mama! Pasikandwe!" Béatha alisema kwa nguvu, kisha akapunguza sauti. "Mama yangu, nisamehe. Mkweo alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Sasa iko homa, mgongo unauma palepale, mguu umekuwa mzito, na mkojo umekataa. Mambo haya yakija pamoja, hatungoji kesho. Hata saa moja hatungoji. Inawezekana usaha umejaa ndani, karibu na mishipa ya fahamu. Ukiibana sana, hatatembea tena."

Bi Mwamvua aliketi kitandani kama aliyesukumwa.

Béatha alitoka uani. "Baba Kaze! Tunampeleka mkeo hospitali sasa hivi!"

Rutayisire alikuwa amebeba bakuli la pilau. Alimtazama Béatha, akamtazama shehe, akawatazama wageni.

"Sasa hivi? Na hawa watu?"

"Hawa watu wana miguu yao," alisema Béatha. "Mkeo anapoteza ya kwake."

Bakuli lilianguka. Rutayisire alipiga kelele, "Théoneste! Gari!"

Uani kukawa vurugu. Pikapu bado ilikuwa na viti nyuma. Wanaume walivirusha chini, vikaangukiana. Wanawake walitandika godoro. Shehe mwenyewe alishika pembe moja ya shuka, Mukandekezi akainuliwa na kulazwa. Bi Mwamvua alipanda na mtoto Ganza kifuani. Mtu mmoja alimnyanyua Kaze na kumwambia, "Wewe baki nasi, ule nyama yote."

Théoneste alipiga honi kutoka Rwezamenyo mpaka mjini. "Pisheni! Pisheni!" alipiga kelele dirishani. "Iko mgonjwa!" Barabarani watu waliruka kando. Mwenye baiskeli ya ndizi alijitupa mtaroni pamoja na ndizi zake. Nyuma ya gari Rutayisire alimshika mkewe ili asitikiswe, akisoma dua kwa sauti.

"Baba Kaze," alisema Mukandekezi, "nishike mguu wa kushoto."

"Nimeushika."

"Umeushika?" Machozi yalimtoka. "Sisikii."

Hospitalini daktari kijana wa zamu alimpima homa. "Mama amejifungua karibuni," alisema. "Huenda ni malaria, au kizazi kimeingia vijidudu. Tumlaze, tutachukua damu, kesho—"

"Daktari," alisema Béatha, "alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Mrija ulikaa. Sasa mguu umelegea na mkojo hautoki."

Daktari kijana alikuwa ameshashika kalamu. Akaiweka chini.

"Sindano ya mgongo? Asante kwa kuniambia." Alimgonga Mukandekezi goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Akamkuna nyayo. Kisha akatoka mbio, akiubamiza mlango nyuma yake. Alirudi na daktari wa upasuaji, Eustache, mwanamume mrefu mwenye mvi.

Daktari Eustache alimpima haraka lakini bila papara. Mgonjwa alipigwa picha ya mgongo, kwa dawa maalumu inayoonekana kwenye picha. Waliichoma dawa hiyo mbali na mahali palipovimba, wasije wakavisukuma vijidudu ndani zaidi. Baadaye daktari aliinua picha kwenye mwanga, akawaita wote.

"Tazameni. Huu ni mfereji wa mifupa ya mgongo. Ndani yake hupita mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ndiyo inayoiamuru miguu iende. Ndiyo inayokiamuru kibofu kifunguke. Dawa inashuka vizuri, inashuka, halafu hapa inakwama. Kitu kinaubana mfereji. Ni usaha. Umezungukwa na mifupa, hauna pa kutokea, kwa hiyo unaibana mishipa."

"Na vidonge haviwezi kuukausha?" aliuliza Rutayisire.

"Usaha ukishabana hivi, vidonge peke yake havitoshi. Tutafungua mgongo, tuutoe wote, tuoshe. Kisha atapata dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, wiki nyingi. Mshipa wa fahamu ukibanwa muda mfupi, huamka. Ukibanwa muda mrefu, hufa. Ndiyo maana sitaki tukae hapa tukizungumza."

Rutayisire aligeuka kumtazama mkewe. Mukandekezi alikuwa ameshaamua.

"Nifungueni," alisema. "Nina watoto wawili wa kukimbizana nao."

"Safari hii utalala usingizi kabisa," alisema daktari. "Mgongo wako hatuuchomi tena."

Walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Mlango ukafungwa.

Bi Mwamvua aliketi kwenye benchi, Ganza akinyonya kidole chake kwa njaa.

"Béatha," alisema, "ni mimi niliyemkanda. Ni mimi niliyempoozesha?"

Béatha alimshika bega. "Hapana, Mama. Kukanda hakukuleta vijidudu. Viliingia kwa njia ya sindano. Lakini tulidhani ni maumivu ya uzazi, tukangoja. Kungoja ndiko kulikomwumiza."

"Nilimwambia mifupa inarudi," alisema Bi Mwamvua, akaficha uso kwenye kanga.

Mlango ulipofunguliwa, daktari Eustache alikuwa na jasho kwenye paji la uso, na alikuwa anatabasamu.

"Tumeutoa. Ulikuwa mwingi. Kama mngemleta kesho, nisingekuwa na maneno ya kuwaambia. Sasa tusubiri miguu."

Wakasubiri. Mukandekezi aliamka. Homa ilishuka. Mkojo ulitoka kwa mpira waliomwekea. Lakini mguu wa kushoto ulilala kitandani kama mto. Kila asubuhi daktari alimwambia, "Chezesha vidole." Mukandekezi alikaza meno, akakunja uso. Vidole havikucheza.

Rutayisire alikaa kando ya kitanda akimwimbia mtoto. Bi Mwamvua alileta uji na kuwalisha wagonjwa wa vitanda vyote vya jirani, kwa sababu hakuweza kutulia.

Asubuhi moja Mukandekezi alikuwa ananyonyesha. Ganza alimng'ata kwa ufizi, kwa nguvu.

"Aah, wewe!" alipiga kelele.

Bi Mwamvua alikuwa amesimama upande wa miguuni na kikombe cha uji. Aliganda.

"Fanya tena."

"Nifanye nini, Mama?"

"Kidole! Kidole gumba! Kimecheza! Fanya tena!"

Mukandekezi aliutazama mguu wake. Alivuta pumzi. Aliuita mguu kwa moyo wake wote. Na kule mwisho wa shuka, kidole gumba cha kushoto kiliinama, kikainuka.

Bi Mwamvua alirusha kikombe. Impundu aliyoipiga iliwaamsha wagonjwa, ikawaleta wauguzi mbio wakidhani kuna msiba. Rutayisire aliingia, akaona, akapiga magoti. "Kimecheza!" alimwambia muuguzi. "Kimecheza!" alimwambia mfagiaji. Alitoka nje akawaambia watu asiowajua kabisa, nao wakampa mkono wa pongezi bila kujua ni kidole gani.

Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyevunjika mkono, alipiga makofi kwa kugonga mkono mzima kwenye paja.

Baada ya hapo kila siku ilileta kitu kipya. Kifundo kikakunjika. Goti likainuka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimsimamisha katikati ya vyuma viwili, na Mukandekezi akaenda hatua moja, akachoka kama aliyepanda mlima wa Kigali. Kesho yake akaenda zaidi. Mpira wa mkojo ulitolewa. Alipokojoa mwenyewe, alitoka chooni akicheka kama aliyeshinda bahati nasibu.

Lakini Rutayisire alikuwa na hasira iliyobaki. Siku moja alimfuata daktari Eustache.

"Daktari, nani alimtia mke wangu uchafu?"

Daktari alimkaribisha kiti. "Sitakudanganya. Sijui. Vijidudu hukaa kwenye ngozi ya kila mtu, hata aliyeoga. Hukaa kwenye mikono na kwenye pumzi. Ndiyo maana anayechoma sindano ya mgongo lazima anawe mikono vizuri, avae glavu safi, afunike mdomo na pua, na asafishe ngozi ya mgonjwa kwa dawa, aiache ikauke. Mrija usikae zaidi ya inavyohitajika. Tukifanya hayo yote, tatizo hili ni nadra sana. Wanawake wengi huchomwa, wakaenda nyumbani salama."

"Mimi nitauambia mtaa wote," alisema Rutayisire. "Mwanamke asikubali sindano ile hata kwa kufa!"

Mukandekezi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fimbo.

"Baba Kaze," alisema, "mwaka jana sindano ya cherehani ilikupita kidoleni. Kidole kikatunga usaha. Uliacha kushona?"

Rutayisire alikitazama kidole chake.

"Sindano ile ilinipa Ganza akiwa hai," aliendelea Mukandekezi. "Kilichoniponza ni kutojua. Nilipotoka hapa, hakuna aliyeniambia, 'Mgongo ukiuma na homa ikija, rudi.' Ningejua, nisingengoja akika."

Daktari Eustache aliinamisha kichwa. "Hilo ni kosa letu," alisema. "Tutalirekebisha."

Mukandekezi alirudi Rwezamenyo kwa miguu yake, akiegemea fimbo. Upande wa nje wa mguu wa kushoto ulibaki na ganzi kidogo, na daktari alisema huenda haitaisha. Mtaa ulimpokea kwa shangwe. Lakini alikuta maneno yameshaenea. Watu walisema, "Hospitali wanachoma watu mgongo, wanapooza."

Aliyeogopa zaidi ni Jovia, mwanamke mwenye kibanda cha matunda karibu na msikiti. Alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na wakunga walimwambia huyu wa pili pia azaliwe hospitalini.

"Siendi," alisema Jovia. "Nitazalia nyumbani. Nimesikia yaliyokupata."

Mukandekezi aliketi kwenye kreti tupu. "Umesikia nini?"

"Kwamba walikuchoma, ukafa miguu."

"Mbona nimekuja hapa kwa miguu?"

Jovia alianza kuyapanga upya matunda yake.

"Jovia, tumbo lako lina kovu. Ukizalia nyumbani, kovu linaweza kupasuka. Hapo mtakufa wawili, wewe na mtoto. Nenda. Wakitaka kukuchoma mgongo, waulize maswali. Mmenawa? Mmesafisha ngozi? Una haki ya kuuliza. Waambie kama una kidonda au jipu mgongoni, au kisukari, au homa. Na ukirudi nyumbani, mimi mwenyewe nitautazama mgongo wako kila siku."

"Kila siku?"

"Mpaka unichoke."

Jovia alicheka bila kutaka. Akachagua parachichi kubwa kuliko yote, akampa.

Jovia alijifungua hospitalini, binti mnene mwenye nywele nyingi. Walimchoma sindano ya mgongo. Baadaye alisimulia jinsi alivyomuuliza mtaalamu wa ganzi kama amenawa, naye akanawa tena mbele yake huku akicheka. Na siku ya kutoka, muuguzi aliketi na kila mama aliyechomwa mgongo.

"Homa ikija," alimwambia, "au mgongo ukiuma na kuzidi, au palipochomwa pakivimba na kutoa maji, au mguu ukiwa mzito, au mkojo ukikataa, rudi hapa siku hiyohiyo. Usingoje kesho. Na popote utakapokwenda kutibiwa, sema: nilichomwa sindano ya mgongo."

Mukandekezi alitimiza ahadi. Kila asubuhi alimtazama Jovia mgongo. Asubuhi moja Jovia akasema kiuno kinamuuma. Hakuwa na homa. Ngozi ilikuwa safi.

"Huenda ni kubeba tu," alisema Mukandekezi. "Lakini si mimi wa kuamua. Twende."

Wakaenda na Bi Mwamvua. Jovia aliingia kwa daktari Eustache. Wengine wawili walingoja kwenye benchi refu la kliniki ya wazazi, lililojaa akina mama na watoto wachanga.

Bi Mwamvua hakuwa mtu wa kungoja kimya. Alianza kumsimulia mama wa kulia kwake. Sauti yake ilipanda. Muda si mrefu benchi zima lilikuwa linasikiliza.

"Nami nikamkanda!" alisema, akijipiga kifua. "Nikasema mifupa inarudi. Kumbe ni usaha! Wanangu, mtu akichomwa mgongo, kisha mgongo ukauma na homa ikaja, msimkande. Mleteni!"

Mlango ulifunguliwa. Jovia alitoka na mtoto wake, akicheka.

"Mgongo wangu hauna kitu! Daktari amesema nimenyonyesha nikiwa nimepinda kama ndoano. Nitumie mto!"

Akina mama walicheka, wakapiga makofi. Katikati ya kelele hiyo, mwanamke mmoja kijana mwisho wa benchi aliinua mkono, kama mwanafunzi darasani. Jina lake lilikuwa Winifred. Alikuwa ametoka mtaa wa Niboye kuleta mtoto apate chanjo.

"Mama," alimwambia Bi Mwamvua, "na mimi nilichomwa mgongo. Palipochomwa panatoa maji. Tangu jana natetemeka. Nilidhani ni kawaida."

Kelele zilikatika. Bi Mwamvua alisimama. Umri wake wote ulimtoka miguuni. Alikwenda mpaka mlango wa daktari, hakubisha hodi, akausukuma.

"Daktari! Yuko mwingine huku! Alichomwa mgongo, ana homa!"

Walimwingiza Winifred palepale. Mukandekezi alimpokea mtoto wa Winifred. Benchini kila mtu alikuwa anautazama mlango.

Daktari Eustache alitoka. Alimtafuta Bi Mwamvua kwa macho.

"Usaha umekaa chini ya ngozi tu," alisema. "Bado haujaingia kwenye mfereji. Miguu yake ina nguvu, mkojo unatoka. Tutamlaza, tutausafisha, tutampa dawa na kumwangalia kwa karibu. Mama, umemleta wakati mzuri."

Benchi lilipasuka kwa impundu. Jovia aliruka na mtoto mgongoni. Mama mmoja alimkumbatia Mukandekezi ingawa hawakuwa wanajuana.

Wiki iliyofuata Winifred alitoka hospitalini. Alishuka ngazi za wodi kwa haraka, mtoto mbelekoni, bila fimbo wala mtu wa kumshika. Chini ya ngazi walikuwa wanamngoja Mukandekezi na Bi Mwamvua.

"Tembea nikuone," alisema Bi Mwamvua.

Winifred alitembea mpaka getini na kurudi. Halafu akafanya tena, akikimbia.